Titi la Uzi: Kazi Mpya kwa Mikono Iliyozoea Kufuma Vitambaa

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kroshia si jambo geni. Vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono hutandikwa juu ya makochi na meza, na kofia ya mtoto mchanga huanza kufumwa mimba ingali changa. Wafumaji wengi hurudia mitindo ileile waliyofunzwa na mama, shangazi au jirani, kisha hufika wakati wakatamani kujaribu kazi mpya. Ipo moja ambayo huhitaji uzi kidogo, sindano moja na jioni mbili au tatu, lakini thamani yake kwa anayeipokea ni kubwa. Ni titi bandia la kufumwa, linalovaliwa ndani ya sidiria na mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani.

Hofu inayochelewesha tiba

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Nchini Tanzania saratani hiyo hushika nafasi ya pili miongoni mwa saratani za wanawake, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi. Wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele, na kwa sababu hiyo upasuaji wanaofanyiwa mara nyingi ni wa kuondoa titi zima, wala si uvimbe peke yake.

Sababu za kuchelewa ni nyingi: umbali wa hospitali, gharama, uvimbe usiouma kudhaniwa kuwa hauna madhara, na miezi inayopotea kwa kuhama kutoka tiba moja hadi nyingine. Miongoni mwa sababu hizo imo moja isiyosemwa kwa sauti, nayo ni hofu ya kubaki bila titi. Mwanamke huwaza atavaaje nguo zake, mumewe atamtazamaje, na wenzake msikitini, kanisani au sokoni watasema nini. Wapo wanaoondoka kliniki baada ya kusikia neno “upasuaji” na kurejea baada ya miezi mingi, wakati ambapo upasuaji pekee hautoshi tena.

Hapo ndipo kitu kidogo cha uzi kinapoingia katika mazungumzo ya tiba. Titi la kufumwa haliponyi saratani. Hata hivyo, mgonjwa anayelishika mkononi kabla ya upasuaji, akaona lilivyo jepesi na laini, na akaelezwa kwamba ataweza kulivaa chini ya gauni au kanzu yake, hupata jibu la swali ambalo pengine asingethubutu kuliuliza.

Lilikotoka wazo

Matiti bandia yametengenezwa kwa muda mrefu. Ruth Handler, mfanyabiashara wa Marekani anayejulikana zaidi kwa kubuni mwanasesere Barbie, aliondolewa titi mwaka 1970. Hakuridhika na matiti bandia yaliyouzwa wakati huo, akaanzisha kampuni ya kutengeneza yaliyo bora zaidi. Leo aina inayotumika sana katika nchi tajiri ni ile ya silikoni. Hufanana na titi kwa uzito na mtikisiko, lakini bei yake ni kubwa, huhitaji sidiria yenye mfuko maalumu, na katika joto la pwani hukusanya jasho juu ya ngozi.

Mwaka 2005 Beryl Tsang wa Toronto, Kanada, ambaye mwenyewe alikuwa ameugua saratani ya matiti, alichapisha maelezo ya kufuma titi la uzi katika jarida la wafumaji liitwalo Knitty. Miaka sita baadaye Barbara Demorest wa mji wa Bellingham, Marekani, alifanyiwa upasuaji na kuambiwa kuwa angelazimika kusubiri wiki kadhaa kabla ya kuvaa titi bandia la kawaida. Rafiki yake alimfumia la uzi. Kutokana na hilo alianzisha Knitted Knockers, mtandao wa wafumaji wanaojitolea kufuma matiti hayo na kuyagawa bure. Mtandao huo umeenea katika nchi nyingi, na Rwanda ni miongoni mwa nchi za Afrika ambako wanawake wamefundishwa kazi hiyo.

Uzi na ujazo

Uchaguzi wa uzi hutangulia kila kitu. Ngozi ya kifua baada ya upasuaji huwa nyepesi, na sehemu yake huenda ikawa imekufa ganzi; mgonjwa anaweza kuchubuka asijue. Uzi wa sufu huwasha, na uzi wa plastiki huzuia hewa kupita. Unaofaa ni uzi laini wa pamba tupu, wa unene wa wastani, usiochuja rangi. Rangi huchaguliwa na mvaaji: wapo wapendao hudhurungi inayokaribiana na ngozi yao, na wapo wanaofurahia waridi au zambarau, kwa kuwa ni siri yao wenyewe.

Ujazo nao una masharti yake. Nyuzi laini za polista zinazojazwa katika mito na wanasesere ndizo zinazofaa zaidi, kwa sababu hufuliwa na kukauka upesi bila kugandana. Pamba ya hospitali hunywa jasho na kuwa madonge. Sufi ya msufi ni nyepesi na hupatikana kwa urahisi, lakini hutoa vumbi na haipendi kufuliwa. Atakayeitumia aishone kwanza ndani ya kifuko cha kitambaa kinachoweza kutolewa.

Namna ya kufuma

Sindano ya kroshia ya milimita 3.5 au 4 inatosha. Mfumaji huanza na kiduara cha uzi na kufuma ndani yake mishono mifupi 6. Katika mzunguko wa pili kila mshono huzaa miwili, ikawa 12. Katika mzunguko wa tatu huongezwa mshono mmoja baada ya kila mshono mmoja wa kawaida, ikawa 18. Wa nne, baada ya kila miwili, ikawa 24. Utaratibu ni huohuo: kila mzunguko huongeza mishono 6. Ukifika mzunguko wa kumi mishono huwa 60, na mbele ya mfumaji pana kisahani cha duara.

Baada ya hapo hufumwa mizunguko mitatu au minne bila kuongeza, ili ukingo usimame. Kisha huanza upande wa nyuma kwa kupunguza mishono 6 kila mzunguko: 54, 48, 42, hadi ibaki 18. Tundu linaloachwa katikati hupitishiwa kamba nyembamba ya uzi huohuo. Kamba ikikazwa tundu hufunga, ikilegezwa ujazo hutolewa ili kufua. Sehemu ya mbele hujazwa zaidi na nyuma hubaki bapa, ili titi likae vyema juu ya kifua.

Idadi hiyo ya mishono si sheria. Kipimo cha kweli ni kikombe cha sidiria ya mvaaji mwenyewe: titi likiwa dogo, mfumaji husonga hadi mishono 66 au 72 kabla ya kusimamisha ukingo, likiwa kubwa, huishia 54 au 48. Anayetaka umbo lililochongoka mbele huweka mzunguko mmoja usioongeza kati ya mizunguko inayoongeza. Kwa kuwa kufuma kwa mviringo hufanya mwanzo wa mzunguko upotee, kipande cha uzi wa rangi nyingine huwekwa kama alama. Mafundo na miisho ya uzi hufichwa ndani. Fundo dogo linaloguswa na kidole bila kuumiza linaweza kuchubua kovu kwa siku moja ya kazi za nyumbani.

Titi la uzi lina kasoro moja inayojulikana, nayo ni wepesi. Mwanamke mwenye titi moja kubwa lililobaki huona sidiria ikipanda upande uliofanyiwa upasuaji. Dawa yake ni kifuko kidogo cha kitambaa chenye vijiwe laini vilivyooshwa, kinachowekwa chini katikati ya ujazo, mbali na ngozi. Fundi cherehani anaweza pia kushona mfuko wa kitambaa cha pamba ndani ya sidiria ya kawaida, na gharama ya sidiria maalumu ikaepukwa.

Lini livaliwe, lini liachwe

Kwa wahudumu wa afya, hii ndiyo sehemu ya kuzingatia zaidi. Titi la uzi huweza kuvaliwa mapema kuliko la silikoni, lakini si kabla mrija wa kutoa majimaji haujaondolewa, jeraha halijafunga, na mpasuaji au muuguzi wa vidonda hajaridhia. Mgonjwa anayeendelea na tiba ya mionzi huambiwa aliache ngozi inapokuwa nyekundu, inapowasha au kubanduka, na avae nguo ya pamba iliyolegea.

Usafi nao ni sehemu ya tiba. Dawa za saratani hushusha kinga ya mwili, na kitu chenye unyevu kinachokaa juu ya kovu ni makao ya vijidudu. Mvaaji huhitaji walau mawili, moja likivaliwa wakati lingine likifuliwa kwa maji na sabuni isiyo kali, likasuuzwa vizuri na kukaushwa kabisa. Titi lililotolewa kwa hisani hufuliwa kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, hata likionekana jipya.

Maumivu mapya, wekundu, homa, majimaji kujikusanya chini ya kovu au kijivimbe chochote kifuani au kwapani ni sababu ya kurudi kliniki bila kusubiri tarehe. Titi la kufumwa lisiwe pazia la kufichia dalili. Kila jioni linapovuliwa ni fursa ya kutazama na kupapasa kovu, pamoja na titi lililobaki.

Mgonjwa anapokuwa mfumaji

Wagonjwa wengi hupenda kujifumia wenyewe, na kazi hiyo ina faida zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, waliwauliza wafumaji wa kroshia 8,391 kutoka nchi 87 kuhusu kazi yao, na karibu tisa kati ya kila kumi walisema huwatuliza. Matokeo hayo yasomwe kwa kiasi: waliojibu ni watu wanaoipenda tayari kazi hiyo, na hawakulinganishwa na wasiofuma. Hata hivyo, muuguzi yeyote aliyekaa na wagonjwa wanaosubiri dripu ya tibakemikali ajua urefu wa saa hizo na uzito wa mawazo yake.

Sindano ya kroshia ni butu, hivyo ina hatari ndogo ya kumchoma mgonjwa ambaye damu yake huchelewa kuganda au ambaye kinga yake imeshuka. Baadhi ya dawa, kama paklitakseli, husababisha ganzi na mchomo vidoleni. Mgonjwa wa aina hiyo hutumia sindano nene yenye mpini uliozungushiwa kitambaa, na hupumzika vidole vikichoka. Ganzi inayozidi hadi kushindwa kufunga vifungo vya nguo haifai kuvumiliwa kimya. Daktari aelezwe, kwani huenda dozi ikahitaji kubadilishwa.

Waliotolewa tezi za limfu kwapani wana hatari ya kuvimba mkono wa upande huo. Hawakatazwi kufuma, kwa kuwa mkono unahitaji kutumika, lakini huanza kwa dakika chache na kuongeza polepole, wakiegemeza kiwiko juu ya mto na kusimama mara kwa mara kunyoosha mabega. Pete au mkono wa nguo ukianza kubana kuliko kawaida, au mkono ukihisiwa mzito, ni vyema kumwona mtaalamu wa fiziotherapia mapema, kabla uvimbe haujawa wa kudumu.

Hiari ya mwenye mwili

Si kila mwanamke hutaka titi bandia. Wapo wanaochagua kubaki na kifua bapa, na uamuzi wao unastahili heshima ileile. Wajibu wa mhudumu ni kulionyesha, kueleza na kusikiliza. Wala si kulivalisha kama sare. Ni vyema pia lionyeshwe faraghani, kwa ukubwa na rangi mbalimbali, na mume au dada aitwe ikiwa mgonjwa ameridhia.

Kliniki isiyo na bajeti ya matiti ya silikoni inaweza kuwa na kisanduku cha matiti ya uzi. Mafungu ya uzi wa pamba hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ushonaji, na mikono yenye ujuzi imo katika vikundi vya kina mama vya mtaa, miongoni mwa wauguzi wastaafu na miongoni mwa waliopona. Kinachohitajika ni muuguzi mmoja wa kupokea kazi hizo, kukagua mafundo, kuzifua na kuzipanga kwa ukubwa, kisha kukifungua kisanduku mapema, siku ile mgonjwa anapoelezwa juu ya upasuaji, angali na nafasi ya kuukubali kwa wakati.