Kabla ya kununua pikipiki ya safari, mpakie mkeo nyuma

MTU akikuona ukiizunguka pikipiki moja dukani kwa nusu saa, ukiinama kutazama mnyororo na kugonga tangi kwa kidole, atadhani unajua unachotafuta. Mimi pia nilidhani najua. Mfukoni nilikuwa na karatasi iliyojaa tarakimu: ukubwa wa injini, nguvu za farasi, uzani, lita za tangi. Kwa hakika nilikuwa nimeamua hata kabla sijaketi.

Pesa zenyewe zilikuwa mkopo wa Sacco, na wenzangu watatu kazini walikuwa wametia sahihi kunidhamini. Tena tulikuwa tumekubaliana nyumbani kwamba pikipiki hiyo ingechukua mahali pa gari kuukuu tulilokuwa tumeuza. Ingetupeleka mashambani mimi na mama watoto kila mwisho wa mwezi na, siku moja, hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Kukosea hapo kungemaanisha kulipa deni la kitu kinachokaa chini ya turubai.

Pikipiki ninazozungumzia si zile za boda boda za cc 100 au 150, wala si madubwana ya cc 1200. Ni za kati, za cc 400 hadi 800 hivi, zenye usukani mpana na kioo cha kukinga upepo, ambazo hukimbia lami siku kutwa na bado zikaingia changarawe. Karatasi yangu ilikuwa na nne: Royal Enfield Himalayan 450, Honda CB500X, Kawasaki Versys 650 na Yamaha Ténéré 700. Kwa tarakimu, Versys ndiyo iliyonivutia. Ina silinda mbili, cc 649 na tangi la lita 21. Nani asiyetaka lita 21 akikumbuka kwamba kutoka Laisamis hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 200 za jua, mawe na upepo?

Mama watoto aliitazama karatasi akauliza swali moja tu: "Baba watoto, mimi niko wapi hapa?"

Hakuwepo. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa yule atakayeketi nyuma.

Basi tukafanya mpango. Mbili tulizipata kwa wauzaji, mbili tukaazima kwa marafiki wanaozimiliki. Hapa nikupe onyo, msomaji: kabla hujawasha injini ya mtu, ulizeni waziwazi ni nani atakayelipa ikianguka, na kama bima inamfunika mtu asiye mwenyewe. Beba leseni inayokuruhusu kuendesha pikipiki ya ukubwa huo. Muuzaji asiyetaka kabisa uijaribu, ila akuzungushe uani mara moja, mwachie bidhaa yake.

Njia tuliyochagua ni ile ya Magadi. Unatoka Kiserian, unapanda hadi Kona Baridi ambako upepo hukupiga ubavuni bila hodi, kisha unateremka bondeni kwenye joto, kona baada ya kona, hadi Olorgesailie. Huko ukiacha lami unapata vumbi na kokoto. Zote nne zilipita njia hiyo hiyo, tukiwa wawili, tukiwa na mkoba wenye vitu tunavyobeba kweli. Ukiijaribu moja asubuhi jijini na nyingine wiki ijayo barabara kuu, hujalinganisha chochote.

Versys ilikuwa malkia wa lami. Ilipanda mlima kama haina mtu, na springi ya nyuma huongezwa ugumu kwa kuzungusha kitasa tu. (Jambo hili wengi hulisahau: springi iliyopangiwa mtu mmoja itakudanganya mkiwa wawili. Omba irekebishwe kwanza ndipo utoe hukumu.) Lakini gurudumu lake la mbele ni la inchi 17, sawa na la nyuma. Penye kokoto huru usukani ukaanza kutangatanga, na mikono miwili ikanishika mbavu kwa nguvu. Hilo nalo ni kipimo, ingawa hakimo katika karatasi yoyote.

Himalayan ilifanya kinyume. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, kiti ni cha milimita 825 tu kutoka chini, na mashimo iliyameza kwa heshima. Ina silinda moja ya cc 452 na nguvu za farasi 40. Kwa mtu mmoja anayependa njia mbovu, sioni kwa nini atafute kingine. Sisi wawili tukirudi mlimani kuelekea Kona Baridi, nililazimika kushusha gia mara kwa mara, na mama watoto akasema mtetemo ulimfika kwenye nyayo.

Sasa Ténéré. Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha. Niliipenda kuliko zote. Ina cc 689, springi ndefu, na penye changarawe iliyojikunja kama bati ilipita kana kwamba kumepigwa pasi. Kiti chake ni cha milimita 875. Nikiwa peke yangu niligusa chini kwa ncha za vidole, nikajiambia nitazoea.

Tukasimama kando ya barabara ili tunywe maji. Mahali penyewe paliinama kidogo upande wa kushoto. Niliteremsha mguu wa kushoto kutafuta ardhi na ardhi haikuwepo. Pikipiki hiyo ina kilo 200 na ushei, ongeza mke, mkoba na aibu. Ikishaanza kulala, hakuna msuli wa kuizuia. Tulianguka polepole sana, mbele ya mchungaji mmoja na mbuzi wake. Hakuna aliyeumia kwa kuwa tulikuwa na helmeti, glavu na viatu vya kufunika vifundo, lakini mkono wa klachi ulivunjika.

Ajabu ni kwamba mwendo wa kasi haukututisha hata mara moja siku hiyo. Kilichotuangusha ni kusimama. Tangu hapo, mtu akiniuliza ajaribu nini kwanza, namwambia asimame: mahali palipoinama, akiwa na abiria, tangi likiwa limejaa. Kisha aisukume kurudi nyuma kwa miguu, na aigeuze katika barabara nyembamba. Ikimshinda hapo, nguvu za farasi 73 hazitamfaa kitu.

Honda tuliipanda ya mwisho, tukiwa tumechoka, na labda hiyo ndiyo bahati yake. Ina cc 471, silinda mbili, nguvu za farasi 47 na gurudumu la mbele la inchi 19. Haikunisisimua. Ilipanda mlima bila manung'uniko, miguu yangu ilifika chini yote miwili, na kwa tangi la lita 17 na ushei ikiendeshwa kwa utulivu huweza kupita kilomita 400. Kasoro inazo. Breki za ABS hazina swichi ya kuzimwa unapoteremka kwenye kokoto, na tumbo lake liko karibu na mawe kuliko la Ténéré. Loiyangalani itabidi twende pole.

Mama watoto alishuka akavua helmeti. "Hii sikuwa nikiifikiria," akasema. "Nilikuwa nikitazama twiga."

Tulinunua Honda iliyotumika, baada ya fundi wetu kuikagua na kuhakikisha kwamba vichujio, vibao vya breki na mnyororo wake vinapatikana Nairobi. Mkono wa klachi wa rafiki yangu niliulipia wiki hiyo hiyo, kabla sijalipia pikipiki yangu. Niliagiza pia wa akiba kwa ajili ya Honda, na sasa umefungwa kwa kitambaa chini ya kiti.