Sumu, Kikinaisho, Kifukuzio na Kivutio

Katika Kiswahili cha mashambani, kila kitu kinachookoa mmea na wadudu huitwa dawa, au sumu. Maneno haya yanatosha maadamu kitu chenyewe huua. Lakini kemikali zilizomo katika mimea aghalabu haziui, bali hugeuza mwenendo wa mdudu: ale au asile, akae au aondoke, atage hapa au pale. Huko Binza, katika Mkoa wa Simiyu, ambako pamba ndiyo fedha ya nyumba, upungufu wa neno waweza kuwa upungufu wa mavuno.

Pareto ni sumu barabara. Kemikali ya maua yake hushika mishipa ya fahamu ya mdudu, naye huanguka upesi. Mwarobaini si hivyo. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kijerumani, Heinz Schmutterer, aliona huko Sudan kwamba nzige walimaliza majani yote ila ya mwarobaini. Kemikali yake kuu, azadiraktini, ilitengwa katika mbegu mwaka 1968. Kiwavi akiionja huacha kula, na akiisha kuimeza hushindwa kujivua gamba ili akue. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Basi mkulima aliyeambiwa kuwa maji ya mwarobaini ni sumu atakwenda shambani asubuhi, awakute viwavi wangali hai, aone amedanganywa. Kosa si la mti, ni la neno. Kwa kuwa mdudu hukinai chakula kilicho mbele yake, kemikali ya namna hii yafaa kuitwa kikinaisho.

Pamba nayo ina kinga yake. Vidoa vyeusi vidogo vinavyoonekana katika majani na mbegu vina gosipoli. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Marekani walizalisha pamba isiyo na vidoa hivyo, ili mbegu zake zifae kuliwa. Lakini wadudu waliozoea kuiepuka pamba wakaivamia. Hata hivyo funza wa vitumba, adui mkubwa wa zao hili, huistahimili gosipoli. Kwake yeye kinga hiyo haitoshi.

Hapo huja msaada wa namna nyingine. Kiwavi atafunapo jani, mate yake huchanganyika na utomvu wa jeraha, na mmea hutoa harufu mpya. Nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi huifuata harufu hiyo. Utafiti wa Consuelo De Moraes na wenzake, uliotolewa mwaka 1998, ulionyesha kuwa harufu ya tumbaku, pamba na mahindi hutofautiana kwa kadiri ya kiwavi anayetafuna, na nyigu huitambua ile ya windo lake. Wengine husema kuwa mmea “unaita”. Usemi huo ni mzuri kwa hadithi, lakini mmea hauna kauli wala nia. Harufu ni dalili, na nyigu ndiye anayeisoma. Jina lake liwe kivutio. Mkulima anayelijua jina hilo atasita kabla ya kunyunyiza sumu inayoua kiwavi na nyigu pamoja.

Kivutio na kifukuzio huweza kutumika katika shamba moja. Huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, wataalamu wa ICIPE, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970, walipanda desmodi kati ya mistari ya mahindi na mabingobingo kulizunguka shamba. Harufu ya desmodi humfukuza nondo wa bungua wa mabua. Harufu ya mabingobingo humvuta akatage huko, na wengi wa watoto wake hufa humo. Asiyejua tofauti ya majina atayaona mayai katika mabingobingo, ayang’oe kwa kudhani yameleta wadudu, kumbe hiyo ndiyo kazi yaliyopandiwa.

Kivutio ni neno la siku nyingi. Kifukuzio limeundwa kwa kufuata njia yake, na kikinaisho hutokana na kukinaisha.  Hapana budi watunga kamusi wayapambanue, maana bwana shamba hawezi kufundisha tofauti asiyokuwa na neno la kuitajia.