Mwanafunzi wa afya: ukishuku dawa imemdhuru mgonjwa, toa ripoti

Je, unasomea uuguzi, ukunga, utabibu au famasia, na unafanya mazoezi katika kituo cha afya kwenye makazi ya wakimbizi nchini Uganda? Kuripoti madhara ya dawa ni kazi yako pia. Wanafunzi wengi husoma somo hili kwa ajili ya mtihani tu, bila kujaza fomu hata moja.

Kwa nini ripoti ni muhimu?

Kabla ya kuruhusiwa, dawa hujaribiwa kwa watu wachache kuliko watakaoitumia baadaye. Madhara ya nadra huonekana ikishafika kwa wengi.

Mfano ni dolutegravir, dawa ya kupunguza makali ya VVU. Wahudumu wa kliniki ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, waliona baadhi ya wagonjwa waliohamishiwa dawa hiyo wakipatwa na sukari ya juu sana. Walipohesabu, walikuwa 16 kati ya zaidi ya 3,400. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2020. Dawa haikuondolewa, kwa sababu faida yake ni kubwa, lakini wahudumu walijua nani wa kupimwa sukari. Yote yalianza kwa watu walioona jambo na kuliandika.

Je, lazima niwe na uhakika?

Hapana. Shaka inatosha. Kuchunguza ni kazi ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA). Ripoti si mashtaka dhidi ya aliyetoa dawa.

Niandike nini?

Mambo manne:

- Mgonjwa: herufi za mwanzo za jina, umri, jinsia. Jina kamili si lazima.
- Dawa: jina, kipimo na, ikiwezekana, namba ya toleo iliyo kwenye pakiti.
- Kilichotokea, na siku kilipoanza.
- Wewe unayeripoti, na jinsi ya kukupata.

Niripoti wapi?

Mweleze msimamizi wako na omba fomu ya NDA kituoni, au tumia programu ya simu ya Med Safety. Wagonjwa nao wanaruhusiwa kuripoti. Tangu 2007 Uganda imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani, unaokusanya ripoti za nchi nyingi huko Uppsala, Uswidi.

Muulize mgonjwa kwa lugha yake

Mgonjwa asiyeelewana na mhudumu huweza kuacha dawa kimyakimya. Ukijua Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda, muulize: "Tangu uanze dawa hii, umeona mabadiliko gani mwilini?" Swali hilo linaweza kumzuia kuacha dawa za kifua kikuu au za VVU bila ushauri.

Hatari: uso kuvimba, kupumua kwa shida, au ngozi kutoka malengelenge na kubambuka kunahitaji matibabu mara moja. Mwite mhudumu kwanza. Fomu itajazwa baadaye.