Foleni ya Chumba cha Dharura Haifuati Saa ya Kufika

Malalamiko juu ya hospitali zetu za umma husikika kila siku, sokoni na afisini. Mtu husema ya kwamba alifika saa moja asubuhi, akaketi juu ya benchi hata jua likapinduka, kisha akamwona mwingine aliyefika saa nane akiingizwa ndani mara moja. Basi husadiki ya kwamba yule ana ndugu aliye karani mle ndani, au ametoa kitu kidogo. Sikatai ya kwamba upendeleo upo. Lakini katika chumba cha dharura, ambacho wengi hukiita kasualti, mara nyingi sababu ni nyingine kabisa, nayo yafaa ijulikane na kila mtu kabla ya siku ya kuihitaji.

Kazi ya kwanza ya chumba hicho si kutibu, bali ni kupanga. Mwuguzi aliye mlangoni humtazama kila ajaye: anapumua namna gani, mshipa wapiga upesi au polepole, akisemeshwa ajibu au hajibu, damu yamtoka kiasi gani. Katika hospitali nyingi mgonjwa hupewa rangi. Mwekundu ni yule ambaye asipohudumiwa sasa hivi huenda akafa. Wa rangi ya machungwa hawezi kungoja sana, wa manjano aweza kungoja kidogo, na wa kijani atangoja mpaka hao wengine wamalizike, hata ikiwa alifika alfajiri. Mtu wa kijani hukasirika, wala si ajabu, kwa kuwa maumivu yake ni ya kweli. Mguu ulioteguka huuma sana. Lakini ni mara chache mtu kufa kwa mguu ulioteguka, na yule aliyenyamaza kimya pembeni, asiyelalamika hata kidogo, huenda ndiye aliye hatarini kupita wote.

Niliyaona mambo hayo katika hospitali moja ya kaunti, ambayo jina lake sitalitaja, siku tuliyompeleka jirani yangu mmoja, mkulima wa nyanya. Alikuwa amenyunyiza dawa ya wadudu tangu asubuhi. Bomba alilolibeba mgongoni lilikuwa likivuja, na shati lake lilikuwa limelowa dawa mgongoni na kiunoni, wala hakulivua. Adhuhuri alianza kutoka jasho na mate, na macho yakamtiririka machozi. Mkewe alidhani ni jua, kisha akadhani ni malaria, akampa maziwa anywe. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, ijapokuwa wengi waamini hivyo. Ilipofika saa tisa alikuwa akitapika, mikono yamtetemeka, na kifua chake chatoa sauti kama maji yachemkayo. Tukamtia katika gari la mizigo la mtu mmoja wa kijijini, tukaenda.

Benchi zilikuwa zimejaa, na watu wengine wamekaa chini ukutani. Wahudumu wa zamu walikuwa mwuguzi mmoja na tabibu mmoja. Yule mwuguzi alimfunua mgonjwa kope, akaona mboni imekuwa ndogo kama ncha ya sindano, akauliza, “Leo amenyunyiza nini?” Yule mama akafungua leso yake akatoa chupa ya dawa yenyewe, na karatasi yake bado imebandikwa. Kitendo hicho kidogo kilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu jina lililoandikwa pale lilionyesha ya kuwa dawa ni ya jamii ya oganofosfeti, na sumu zote hazitibiwi kwa namna moja.

Sasa lilifuata jambo lililotushangaza. Badala ya kumwingiza ndani, mwuguzi alituamuru tumvue nguo zote, tumpeleke bombani uani, tumwoshe kwa sabuni mwili mzima, nywele, na chini ya kucha. Watu wakanong'ona ya kwamba mgonjwa anatupwa nje. Sivyo. Sumu ya namna hiyo hupenya katika ngozi, na maadamu nguo yenye dawa i mwilini, sumu huendelea kuingia hata mtu akiwa juu ya kitanda cha hospitali. Tena humdhuru anayemshika. Glavu zilikuwa chache, tukapewa jozi mbili tu, nasi tulikuwa watu wanne.

Mzee mmoja mwenye mguu uliovimba hakuweza kujizuia, akasema, “Sista, sisi tuko hapa tangu asubuhi.”

“Najua, mzee wangu, sijakusahau,” akajibiwa. “Wewe mguu wakuuma, lakini wapumua. Huyu kifua kimemjaa maji.”

Mzee akatazama, akasogeza fimbo yake ili tupite.

Mle ndani vitanda vyote vilikuwa na watu, na kitanda kimoja kilikuwa na watoto wawili. Mgonjwa wetu akalazwa juu ya machela iliyopungukiwa gurudumu moja, pembe yake imeinuliwa kwa tofali. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja, nao ulikuwa ukitumiwa na mtoto mwenye homa ya mapafu. Tabibu akasimama kitambo kati ya mtoto na mtu mzima, asiseme neno. Kisha akamtuma askari wa lango aende mbio wodi ya wazazi kuuliza kama uko mwingine. Ulikuwako, nao ukaletwa ukisukumwa juu ya kigari cha kubebea chakula.

Tiba ya sumu hiyo huitwa atropini, nayo ni dawa ya siku nyingi, tena si ghali. Ugumu wake u katika kipimo. Hudungwa mshipani, na baada ya kila dakika tano kipimo huzidishwa mara mbili, mpaka kifua kikauke na moyo upige sawasawa. Ghala lilikuwa na ampuli kumi na mbili. Alidungwa moja, kisha mbili, kisha nne. Sasa zatakiwa nane, na zilizobaki ni tano. Hapo ndipo msomaji aweza kufahamu maana ya hospitali kuwa “na dawa” na kuwa na dawa ya kutosha. Katika daftari atropini ilikuwapo. Kitandani ilikwisha katika robo saa.

Mimi nikapewa karatasi, nikakimbia kuvuka barabara. Duka la kwanza halikuwa nayo. La pili lilikuwa nayo, nikalipa kwa simu. Jambo lililonisumbua moyoni nilipokuwa nikirudi ni hili: kama mtu huyu angaliletwa na mkewe peke yake, asiye na fedha katika simu, mambo yangalikuwaje? Nilimwuliza mwuguzi baadaye. Akanionyesha kasha chini ya meza, ambamo hutiwa vitu vilivyosalia vya wagonjwa waliotangulia: sindano ambazo hazikutumika, nusu ya pakiti ya pamba, ampuli moja moja ambazo jamaa wa wagonjwa wameziacha. Kasha hilo halimo katika hesabu yoyote ya Serikali, lakini limesaidia watu wengi.

Usiku kifua kilikauka. Mgonjwa alianza kupayuka na kuvutavuta blanketi, mkewe akaogopa ya kwamba amepatwa na wazimu. Mwuguzi akamweleza ya kwamba ni nguvu ya atropini, nayo itapita. Siku tatu zilizofuata kila mara aliamriwa ainue kichwa kutoka mtoni. Nilidhani ni mchezo, kumbe shingo ikilegea huwa ni dalili ya kwamba misuli ya kupumulia nayo itaweza kulegea, na hapo hapana budi ya mashine ya kupumulia, ambayo hospitali ile haina. Namshukuru Mungu shingo haikulegea. Siku ya sita akaenda nyumbani.

Sasa, kwa nini hospitali yenye wahudumu hodari namna hii iwe na ampuli kumi na mbili? Habari yenyewe ni ndefu. Mwaka 1965 ada ya kutibiwa bila kulazwa iliondolewa katika hospitali za Serikali. Mwezi wa Desemba 1989 ada zilirudishwa kwa mpango ulioitwa wa kushirikiana gharama, kwa kuwa hazina haikuweza tena kubeba mzigo wote. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijaifikia ahadi hiyo.

Mwaka 2013 hospitali nyingi zikawa chini ya serikali za kaunti. Mwaka huo huo zahanati na vituo vya afya vilikatazwa kutoza ada, lakini hospitali ziliendelea kutoza. Katika kaunti nyingi fedha hizo zilipelekwa kwanza katika mfuko mkuu wa kaunti, na msimamizi wa hospitali, aliyezikusanya mwenyewe, akawa hana budi kuziomba na kungoja. Dawa nazo huagizwa kwa shirika la Serikali liitwalo KEMSA, na kaunti yenye deni huweza kucheleweshewa mzigo wake. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 yaamuru fedha zinazokusanywa na hospitali zibaki hospitalini na kutumika papo hapo. Kwa maoni yangu sheria hiyo ndogo, isiyozungumzwa sana, yaweza kuleta faida kupita majengo mapya mengi, ikiwa itafuatwa.

Haki ya mgonjwa yenyewe imeandikwa waziwazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwezi wa Oktoba 2015 mtu mmoja aliyegongwa na gari huko Nairobi alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa, kitanda cha mahututi kikitafutwa, hata akafa, na nchi nzima ikahuzunika. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliweka adhabu: hospitali yoyote, ya umma au ya watu binafsi, ikikosa kumtibu mgonjwa wa dharura hali ina uwezo wa kumtibu, yaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Basi, akitakiwa kulipa kwanza wakati mgonjwa wake hapumui vizuri, msomaji na aitaje sheria hiyo kwa upole na kwa sauti ya kusikika. Lakini ayatazame vizuri maneno “hali ina uwezo”. Hospitali isiyo na mtungi wa pili wa oksijeni haijavunja sheria.

Tangu Oktoba 1, 2024 bima ya zamani ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, imeondolewa, na mahali pake ni Mamlaka ya Afya ya Jamii. Karani hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mkulima hukadiriwa mapato ya nyumba yake, naye hulipa kwa mwaka, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Uko pia mfuko wa dharura na maradhi mazito uliotajwa katika sheria hiyo. Kujiandikisha yafaa kufanywe mtu akiwa mzima, kwa kuwa kumwandikisha mtu anayetapika ni kazi ngumu, nami nimeiona ikifanywa.

Liko jambo jingine ambalo wakulima wengi hawalijui. Makadirio ya fedha ya kila kaunti hutakiwa yafike katika baraza la kaunti kabla ya Aprili 30 ya kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao. Katika mikutano hiyo watu huuliza habari za barabara na maji, nayo ni maswali mema. Ni wachache waulizao hospitali ilipewa dawa za siku ngapi mwaka uliopita, na ni siku ngapi ghala lilikaa tupu. Msimamizi wa ghala anayo hesabu hiyo, kwa maana kila ampuli itokayo huandikwa.