Ghorofa ya mbao: mwite seremala kabla ya fundi vigae

VITUNGUU saumu vya Mbulu, au ngano na mahindi ya Hanang, vikipata bei nzuri, mwenye duka lenye ghorofa ya mbao huanza kufikiria kuitandika vigae vya mawe ili vyumba vya juu vipangishwe kwa bei ya maana. Fundi vigae huitwa siku hiyo hiyo. Anayepaswa kuitwa kwanza ni seremala.

Tupige hesabu kwa magunia. Jiwe la graniti lenye unene wa sentimita 1 lina kilo 27 hivi kwa kila mita ya mraba. Ukililaza juu ya mchanga na saruji wa sentimita 3, unaongeza kilo 60. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitabeba zaidi ya tani 1, yaani magunia 10 ya mahindi ya kilo 100. Mahindi huuzwa yakaondoka. Mzigo huu hauondoki, na hapo kitanda na mpangaji bado hawajaingia.

Wazee waliojenga tembe huku Mbulu walilijua hilo. Paa la udongo walilibeba kwa nguzo zilizosimama ndani ya nyumba. Mji Mkongwe wa Zanzibar nako, ambako mawe na chokaa vilikaa juu ya boriti za mikoko, vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti hazikufika mbali.

Hatari si kuvunjika tu. Mbao hupinda, jiwe halipindi, hivyo hupasuka. Kipimo cha wajenzi kwa vigae vya mawe ni mhimili usishuke zaidi ya sehemu 1 kati ya 720 ya urefu wake. Kwa vigae vya kauri ni 1 kati ya 360. Mhimili wa mita 3, basi, usizidi milimita 4. Kaza uzi chini yake toka ukuta hadi ukuta, upime nafasi kabla na baada ya kupanga magunia juu. Yapange kidogo kidogo, na chini pasiwe na mtu wakati wa kupakia.

Ukizidi, weka boti ya kati juu ya nguzo zenye msingi wa zege. Ukigawa urefu nusu, kwa mzigo ule ule kupinda hushuka hadi sehemu 1 kati ya 16. Hakuna shilingi itakayokufaa kuliko hiyo. Mbao iliyooza au kuliwa na mchwa ing'olewe, na mbichi iachwe ikauke.

Kisha funga plaiwudi ya milimita 18 kwa skrubu, maana misumari hulegea. Acha upenyo wa milimita 3 kati ya karatasi na karatasi, halafu bandika jiwe kwa gundi ya vigae. Uzito wote utashuka karibu nusu.

Bafu la juu linahitaji pia tabaka la kuzuia maji chini ya vigae. Kama fedha haitoshi kwa hilo, bafu libaki chini.