Mdudu Kwenye Sahani ya Riwaya
Nzige wanapoanguka Umuofia, katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958 ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Shujaa Okonkwo, hakuna anayelia msiba. Kijiji kinashangilia. Wapo wanaotaka kukimbilia vichakani na vikapu papo hapo, lakini wazee wanawazuia: subirini usiku, umande ulowanishe mbawa zao. Kesho yake nzige wanakaangwa vyunguni, wanaanikwa juani hadi wakauke, kisha wanaliwa kwa siku nyingi na mawese yaliyoganda.

Hakuna mahali Achebe anapotetea chakula hicho. Anaonyesha kazi yake tu: wanakamatwa saa ngapi, wanakaushwaje, wanaliwa na nini. Msimulizi hakunji uso, basi msomaji naye anasahau kukunja wake, hata kama hajawahi kula mdudu.

Mlo huo una kazi nyingine ya kikatili. Okonkwo anatafuna nzige kwa raha pamoja na mwanawe Nwoye na Ikemefuna, ndipo mzee Ezeudu anaingia, anamwita nje na kumweleza kwamba Ikemefuna, kijana anayemwita baba, lazima auawe. Bila raha ile ya mezani, habari hiyo isingeuma hivyo. Baadaye uaguzi wa watu wa Abame, jamii nyingine katika riwaya hiyo, unawafananisha wazungu na nzige, na msomaji anakumbuka jinsi kundi lile lilivyopokewa kwa shangwe.

Filamu ya Snowpiercer ya Bong Joon-ho (2013) inapita njia ya pili. Abiria maskini walioko nyuma ya treni wamelishwa kwa miaka vipande vyeusi vya protini. Kiongozi wao, Curtis, anapochungulia ndani ya mashine anakuta mende wanasagwa. Mbinu hiyo inashtua, lakini mshtuko wake hauna maisha marefu: ukishaijua siri, kilichobaki ni kinyaa. Tena mtazamaji aliyelelewa na kumbikumbi wa kukaanga huenda akauliza tu kwa nini hawakuwatia chumvi.

Mwandishi anayetaka njia ya Achebe hana haja ya kwenda mbali. Senene wa Bukoba na Uganda huja na mvua, hasa Novemba. Usiku huwashwa taa kali, mabati yakasimamishwa juu ya mapipa. Senene hufuata mwanga, wakajigonga na kuserereka ndani. Kisha huja kazi ya vidole: kung'oa mbawa na miguu, mmoja mmoja, wa kijani na wa kahawia, beseni zima. Kikaangoni hawahitaji mafuta mengi, maana wana ya kwao. Kitunguu na chumvi vinatosha.

Hata miiko ina hadithi ndani yake. Zamani huko Buganda wanawake walikamata na kusafisha senene, lakini kuwala kulikuwa haki ya wanaume. Mke anayeonja mmoja kwa siri jikoni, huku mumewe akikohoa sebuleni, tayari ana kisa. Na mgeni akisukuma sahani kando, msomaji wa Kampala hatafikiria kinyaa kwanza. Atajiuliza mgeni huyo ni wa ukoo gani, kwa sababu watu wa ukoo wa Nsenene hawali senene.