Nasaba na Nyaraka: Kufuatilia Asili ya Familia za Wajerumani Waliohamia Marekani

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, asili haithibitishwi kwa masimulizi pekee, huhitaji ushahidi. Makala haya yanafafanua namna nasaba ya familia ya Kijerumani iliyohamia Marekani katika karne ya 19 inavyofuatiliwa kupitia nyaraka za kihistoria. Hoja kuu ni kwamba kinachotafutwa kwanza si jina la babu, bali jina la kijiji chake.

Sababu yake ni ya kihistoria. Ujerumani iliungana kuwa dola moja mwaka wa 1871. Kabla ya hapo kulikuwa na falme na majimbo mengi, kama vile Prussia, Bavaria na Baden, na katika sehemu nyingi kumbukumbu za ubatizo, ndoa na mazishi ziliwekwa na makanisa ya mahali. Usajili wa kiserikali ulienea kote mwaka wa 1876. Kwa hivyo, asiyejua kijiji hajui mlango wa kubisha.

Utafiti huanzia Marekani na kurudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Sensa hutaja umri na nchi ya kuzaliwa, lakini mara nyingi huishia kwenye neno "Ujerumani" au "Prussia" tu. Isitoshe, takribani sensa yote ya 1890 ilipotea kutokana na moto wa mwaka wa 1921, ilhali miaka ya 1880 ndiyo iliyoleta Wajerumani wengi zaidi. Pengo hili huweza kuzibwa na rejista za makanisa ya wahamiaji, ambamo wachungaji waliozungumza Kijerumani mara nyingine waliandika kijiji cha muumini. Kadhalika, orodha za abiria wa bandari ya Hamburg, za kuanzia 1850 hadi 1934, huonyesha walikotoka. Za Bremen nyingi ziliharibiwa.

Kikwazo kingine ni cha kiisimu. Makarani waliandika majina ya kigeni walivyoyasikia, na familia nyingine zikayabadilisha zenyewe: Müller akawa Miller, Schmidt akawa Smith. Aidha, wavulana wengi walibatizwa Johann kisha wakaitwa kwa jina la pili. Hivyo Johann Georg wa rejista ya ubatizo ndiye George wa sensa. Rejista zenyewe ziliandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao herufi zake "e" na "n" hukaribia kufanana.

Kwa kuhitimisha, kufanana kwa majina si ithibati. Parokia moja ingeweza kuwa na Georg Müller wawili wa rika moja. Sharti mtafiti alinganishe tarehe, wazazi, mke na wadhamini wa ubatizo. Kiungo kimoja kikikosewa, wote wanaotajwa juu yake huwa mababu wa watu wengine.